Jumamosi Hii Watoto Waende Wapi?

Popote unaponisikia, uwe unafungua duka Rongo, uwe ufuoni Sori unasubiri mashua ziingie, au uko jikoni Oyugis chai ikichemka, sogeza redio karibu. Mazungumzo yetu leo yanahusu watoto, na hasa Jumamosi yao.

Mwulize mtoto yeyote wa mjini Migori au Homa Bay: mara ya mwisho ulipopanda gari moja na baba na mama mkaenda mbali, mlikwenda wapi? Wengi watakujibu papo hapo: matanga. Kwa shangazi kule Ndhiwa, kwa babu mdogo Karachuonyo, kwa jirani wa zamani aliyezikwa kwao Uriri. Watoto wetu wanazijua kaunti hizi mbili kwa makaburi. Huyu anaikumbuka Awendo kwa sababu hema la kukodi lilichukuliwa na upepo mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Yule anaikumbuka Mbita kwa sababu huko ndiko alikopewa paja zima la kuku. Na tusiwasingizie, hawalalamiki. Matangani kuna binamu, kuna soda, spika zinalia hadi usiku wa manane, na hakuna mtu mzima mwenye nafasi ya kukagua kazi ya shule. Kwa mtoto wa miaka minane, maziko ya mzee asiyemfahamu ni sherehe tosha.

Shida iko kwetu sisi wazazi. Jumamosi yetu ina wenyewe. Ijumaa mwili unatolewa mochari, usiku watu wanakesha, Jumamosi wanazika, na Jumapili baada ya kanisa unawasindikiza wageni waliolala kwako. Wiki isiyo na msiba ina harambee, au chama, au mahari ya mpwa. Yote yakikosekana, Arsenal wanacheza, na baba hapatikani mpaka jioni. Mtoto yuko nyuma kabisa ya foleni hiyo anangoja zamu yake, na mwaka unaisha.

Najua kuna atakayefoka sasa hivi: "Wewe mtangazaji, unataka tuache kuzika watu wetu tukacheze na watoto ziwani?" Hasha. Mtu wetu azikwe, tena kwa heshima zake zote. Ila tuambizane ukweli, msikilizaji. Kati ya maziko tunayohudhuria, yako yanayotuuma, na yako tunayokwenda kwa kuwa tusipoonekana jina litatajwa. Hayo ya pili ndiyo nayatolea macho. Tuma mchango wako kwa simu Alhamisi. Mpigie mfiwa, umwahidi kwamba utafika wiki ijayo mahema yakishang'olewa, wakati ambao kwa kweli anahitaji mtu wa kukaa naye. Halafu Jumamosi hiyo moja wape watoto. Ukionekana Kendu Bay na watoto wako ilhali ukoo mzima uko makaburini, utasemwa. Utasemwa wiki moja, kisha watapata mwingine wa kumsema.

Tena siku hizi hata nafasi yenyewe imeongezeka. Gredi ya 7 ilianza Januari 2023, na sekondari ya msingi ikawekwa ndani ya shule za msingi. Mtoto ambaye zamani angemaliza darasa la nane akafunga sanduku kwenda bweni, sasa anakaa hadi Gredi ya 9. Ni mwaka mzima zaidi wa kumwona nyumbani Jumamosi asubuhi akizungukazunguka na remote mkononi. Likizo nazo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza kumpeleka mtoto kwenye masomo ya ziada. Najua yanafanyika. Nasema tu sheria iko upande wa mtoto.

Wazazi wengi ninaozungumza nao wana jibu moja kuhusu matembezi ya watoto, nalo ni Nairobi. Tukipata pesa Agosti tutawapeleka Nairobi. Waone majengo, wapande lifti, walishe twiga kule Lang'ata. Sina neno na Nairobi. Lakini basi la usiku lina bei, na kuwalaza watoto watano kwa mjomba kuna bei yake pia, ingawa mjomba haitaji. Kisha Desemba inakuja, mambo yanageuka, watoto wa mjomba wanaletwa nyumbani. Siku ya pili tu wanauliza: "Huku kuna nini cha kuona?" Na hapo ndipo mwenyeji wa miaka kumi, aliyezaliwa na kukulia Migori, anapokosa la kusema, anawapeleka wageni wake kuangalia malori yanayoelekea Isebania.

Huko Migori, msikilizaji, kuna mahali ambapo dunia nzima imepatambua. Thimlich Ohinga. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile yenye Mji Mkongwe wa Lamu na piramidi za Misri. Iko kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, upande wa Macalder. Ni maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, kuta zake zikipanda kutoka mita moja na nusu hadi nne na nusu hivi. Na hakuna simiti. Hakuna udongo wa kushikisha, hakuna chokaa. Jiwe limekalia jiwe, basi.

Mpeleke mtoto pale umwache apapase ukuta. Jambo la kwanza atakalotafuta ni kilichoshikanisha mawe, atachungulia kwenye nyufa, na akikosa atakugeukia wewe. Mwache ahangaike kidogo kabla ya kumwambia. Siri iko ndani: kuna safu ya nje iliyopangwa kwa uangalifu, safu ya ndani vile vile, na katikati yake vijiwe vidogo vidogo vimejazwa, vinashika pande zote mbili. Fundi wa leo akikuonyesha hivyo kwenye mchoro unaweza kumkatalia kazi. Lakini ukuta umestahimili mamia ya miaka ya mvua za kusini mwa Nyanza.

Halafu kuna malango. Yamejengwa chini kwa makusudi, ili adui akiingia aingie ameinama, kichwa mbele, na mwenye rungu yuko ndani anamsubiri. Mtoto wa miaka sita anapita wima. Baba yake mwenye kitambi anainama, anashika magoti, anatoa sauti. Sijui kama kuna bustani ya kulipia Nairobi inayoweza kuwachekesha watoto namna hiyo. Wakishacheka, mwongozaji wa Makavazi ya Taifa atawaonyesha ng'ombe walilala wapi na nyumba zilisimama wapi, na kwamba boma kubwa linaitwa Kochieng. Atawaeleza pia kuwa wakazi walipishana humo kizazi kwa kizazi, wala hawakuwa kabila moja. Kwa mtoto wa Suna anayeketi dawati moja na Mkuria, Mluhya na Msomali, hilo halitamshangaza sana.

Sharti ni moja: kuta hazipandwi. Mwambie kabla hamjashuka garini, kwa sababu akishauona ukuta atakuwa amekwisha kuuparamia.

Gari lenyewe ndilo swali, najua. Si kila mtu ana gari. Familia tatu zikichanga, Probox inakodika kwa siku nzima, na gharama kwa kila nyumba inashuka ikakaribia ile ya mchango wa matanga uliokwisha kuuzoea. Lakini kodini mbili kama watoto ni wengi. Kubana watoto sambaza, au kuwaweka buti wakitoa macho kwa kioo cha nyuma, ndiyo mwanzo wa safari kuishia hospitalini. Bebeni maji, viazi vitamu vilivyochemshwa, njugu, na chochote kingine kisichohitaji kupashwa moto. Msitegemee kukuta mkahawa.

Upande wa Homa Bay sasa. Hapa nitakaa kidogo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kwa sababu kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi mapema.

Ruma iko katika bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120. Ilianza kama hifadhi ya bonde hilo mwaka 1966, ikawa hifadhi ya taifa 1983. Ndipo mahali pekee Kenya ambapo korongo amebaki porini, yule paa mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe na pembe zilizopinda kwenda nyuma. Ndugu zake wa sehemu nyingine za nchi wamekwisha. Mtoto wa Homa Bay, kwa hiyo, ana mnyama ambaye mtoto wa Nairobi hawezi kumwona bila kuja kwake. Kuna twiga wa Rothschild pia. Mwambie mtoto amtazame miguuni, kwa sababu chini ya magoti hana madoa, utadhani amevaa soksi nyeupe za shule. Kuna kongoni, kuna taya wadogo wanaochomoka nyasini ghafla, na vifaru waliletwa tena mwaka 2012. Usimwahidi simba, wala tembo. Ukimwahidi simba utaharibu siku, kwa sababu kila mnyama atakayetokea atapokewa kwa manung'uniko kwamba si simba.

Sasa lile jambo. Bonde la Lambwe lina mbung'o. Mbung'o ndio waliolifanya bonde hilo libaki kwa wanyama, kwa sababu watu na ng'ombe waliliogopa kwa ajili ya malale. Na mbung'o anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Hiyo si hadithi ya vijiweni. Mitego yenyewe inayotumika kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Sasa fikiria mzazi anayeamua Jumamosi watoto wavae sweta ya shule kwa kuwa asubuhi kuna baridi. Sweta ya buluu! Umemshonea mtoto mtego na kumvisha. Vaa kaki, vaa rangi ya mchanga, mikono mirefu, na vioo vya gari vifungwe sehemu zenye vichaka. Kuhusu malale yenyewe, habari ni njema: Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa kama tatizo la afya ya umma. Lakini mbung'o hajasoma taarifa hiyo. Anauma vile vile, tena kwa maumivu ya kumfanya mtoto akatae safari zote zijazo. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, kwa hiyo maliza hilo ukiwa mjini mtandao ukiwa mzuri, usiende kusimama langoni ukiinua simu juu.

Nani atasema hana nauli ya Ruma? Wengi tu. Basi iko Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ziwa dogo la volkeno ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu na watoto wakarudi bado wana nguvu. Maji yake ni ya magadi, hayana samaki wa kuvua, lakini yana heroe, wale ndege wa waridi ambao watu wanafunga safari hadi Nakuru na Bogoria kuwaona. Hawako kila siku. Ndege hana mkataba na mtu.

Na Simbi ina hadithi. Bibi kizee alifika kijijini usiku amechoka, akakuta watu wanakunywa na kucheza. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia na kumpa chakula na moto wa kuota. Bibi akamwambia aondoke na mumewe haraka. Mvua ikashuka, kijiji kikazama na watu wake, na ziwa ndilo hilo. Nilivyoisikia mimi ni hivyo. Nyanya yako huenda alikusimulia kwa namna nyingine, na yake ndiyo ya kuwapa watoto wako. Isimulieni pale pale ukingoni mmeketi. Nyumbani ni ngano. Pale mtoto ataangalia maji, atanyamaza, kisha atakuuliza kama chini bado kuna nyumba. Ukiwa na majibu ya kijiolojia, mpe, yana utamu wake. Ila usiwe na haraka nayo.

Ziwa kuu nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalonipa wasiwasi. Tunaishi kando ya Ziwa Victoria, na watoto wetu wengi wa mjini hawajui kuogelea. Kwenye ghuba yenye maji yaliyotulia na magugu kuna konokono wa kichocho. Jioni kuna kiboko anayetoka kula, wala hajui kwamba nyinyi ni familia mliokuja kustarehe. Kwa hiyo sipendekezi kuogelea ufuoni. Napendekeza kivuko. Kutoka Homa Bay hadi Mbita ni kama kilomita 40 za lami, na Mbita kuna kivuko kinachobeba magari hadi Luanda K'Otieno, upande wa Siaya. Kwa mwenye gari ni njia ya kupunguza safari. Kwa mtoto ni meli. Hamna biashara yoyote Luanda K'Otieno, mnakwenda na kurudi. Asubuhi ni bora, maji yametulia. Mchana upepo unaamka na mawimbi nayo, na mama mwenye tumbo jepesi atakumbuka maneno yangu. Ikiwa mtapanda mashua ndogo badala yake, jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa vifungo vyote. Mwenye mashua akikwambia jaketi zipo ila ziko chini ya viti, teremka.

Ukivuka Mbita kuingia kisiwa cha Rusinga, kaburi la Tom Mboya liko huko. Jengo lake lina umbo la risasi. Usidhani mtoto hataligundua, ataligundua kabla yako, na ataliuliza kwa sauti ya juu. Utamweleza kwamba mtu huyu aliuawa kwa kupigwa risasi Nairobi, tarehe 5 Julai 1969, akiwa waziri, hajafikisha miaka 39. Kwamba miaka kumi kabla ya hapo alikuwa mbele katika kuwatafutia vijana wa Kenya nafasi za vyuo Marekani na ndege za kuwapeleka. Ni mazungumzo mazito kwa mtoto wa darasa la tano, lakini ni bora ayasikie kwako, mmesimama hapo, kuliko kuyakariri kwa mtihani. Wapo wazazi wanaoona safari ya watoto ni lazima iwe ya kurukaruka tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi naona watoto huvumilia uzito vizuri kama wameshiba.

Kwenye kisiwa hicho hicho ndiko alikookota Mary Leakey, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Mtoto akishasikia hivyo kila jiwe litakuwa mfupa, na mifuko ya suruali itajaa. Kaguaneni kabla ya kurudi garini. Masalia ya kale yanalindwa na sheria, hata yakiwa mfukoni mwa mtu wa Gredi ya 2. Kisiwa cha Mfangano na michoro yake ya mapangoni kinahitaji siku yake peke yake, tukiache kwa leo.

Na asiye na senti hata ya matatu? Got Asego iko pale pale juu ya mji wa Homa Bay. Pandeni alfajiri kabla jua halijakaza, mtu mzima mmoja mbele na mmoja nyuma. Kutoka juu mtoto ataitafuta nyumba yao, na akiipata ataonyesha kidole mpaka achoke.

Nimalizie na wakubwa wetu wa kaunti, maana wao pia wana redio. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Homa Bay, katika uwanja wa Raila Odinga, na kaulimbiu ilikuwa uchumi samawati. Hotuba zilikuwa nzuri. Lakini mama mwenye watoto watatu akitaka leo kukaa kando ya hiyo samawati saa mbili bila kununua soda ya hoteli, atakaa wapi? Ufuo wa samaki ni mahali pa kazi, kuna mizani, kuna nyavu, kuna wanaume wanaobeba mbuta begani wakipiga kelele watu wawapishe. Hoteli ni ya wateja. Migori nako mto uko katikati ya mji, na sijaona mtoto akipelekwa kuuangalia. Majumba ya plastiki ya kujazwa hewa yanaletwa sikukuu, dakika chache kwa shilingi kadhaa, na mtoto anashushwa akilia.

Sitaomba sanamu wala lango la kuingilia mjini lenye taa. Naomba kivuli cha miti mitano, mabenchi yasiyo na tangazo la mtu mgongoni, na choo. Choo hasa. Aliyewahi kusafiri na mtoto wa miaka minne ananielewa bila maelezo. Kiwe safi, kiwe na maji. Na kikifungwa kwa kufuli, kama tunavyopenda kufunga, mwenye ufunguo asiwe ameenda matanga.